Nyumba za Kawama na Haki ya Mkaaji

Wasomaji wetu wa Lubumbashi waijua vizuri ile alama. Ni msalaba wa rangi nyekundu uliopakwa kwa haraka juu ya ukuta wa matofali, pengine pamoja na neno moja la Kifaransa la kuamuru nyumba ibomolewe. Mwenye kuipaka hapigi hodi. Akimaliza ukuta mmoja aenda kwenye mwingine. Mwenye nyumba arudi jioni kutoka kazini, akuta watoto wamesimama uani wakiitazama. Tangu saa ile jamaa nzima haina usingizi. Baba aenda kumwuliza jirani, jirani aenda kumwuliza mkubwa wa mtaa, na mkubwa wa mtaa ajibu kwamba naye ameiona tu kama wao.

Juu ya alama hiyo twasikia shauri za namna mbili. Wako wanaosema kwamba asiye na hati hana haki, basi heri kufunga vyombo na kuondoka kabla mashine hazijafika. Tena wako wanaosema kwamba dawa ya mashine ni mawe, na wavulana wa mtaa wawe tayari. Sisi twaona wote wawili wamekosa njia. Ili tuonyeshe sababu, yatupasa kueleza kwa urefu kidogo mambo yaliyotukia Kawama, kijiji kisicho mbali na mji wetu, katika Novemba 2009.

Kawama ni jirani wa Luiswishi, mgodi wa shaba na kobalti. Wakati ule mgodi ulikuwa mali ya kampuni iitwayo CMSK, ambayo ilikuwa ushirika wa Gécamines na Entreprise Générale Malta Forrest, tawi la Groupe Forrest International. Mahali penye madini hapakosi wachimbaji wa mikono. Walikuja kwa wingi, wakajenga vibanda vya maturubai na nyasi karibu na mgodi, na kampuni ikalalamika kwamba wanaiba madini yake. Tusiwafiche wasomaji: sheria ya madini ya 2002 yawaruhusu wachimbaji hao kufanya kazi katika maeneo waliyotengewa tu, wala haiwapi ruhusa ya kuingia katika eneo la kampuni. Serikali ilikuwa na neno la kuwaambia.

Lakini neno lenyewe lilisemwaje? Tarehe 24 na 25 Novemba 2009 polisi wa migodi walifika pamoja na matingatinga ya Malta Forrest. Yaliondoa vibanda vya wachimbaji, kisha hayakusimama hapo. Yaliingia kijijini, katika nyumba za watu waliokuwa wakaaji wa siku nyingi, wakulima na wachuuzi, ambao kosa lao lilikuwa kuishi jirani na mgodi. Nyumba na maduka yalianguka kwa mamia. Kumbukeni ya kuwa mwezi wa Novemba hapa kwetu ndio mwanzo wa mvua. Mtu akivunjiwa nyumba katika Julai aweza kulala nje akitetemeka kwa baridi. Akivunjiwa katika Novemba, unga wake waloa, godoro laloa, na watoto waanza kukohoa kabla ya juma kwisha.

Hakuna aliyesomewa hukumu ya hakimu, na hakuna aliyelipwa kwanza.

Baada ya siku zile mbili kulianza shindano la pili, nalo ndilo tunalotaka wasomaji walitazame kwa makini. Halikuwa tena shindano la tingatinga na ukuta, bali la neno na neno. Wanakijiji walisema: tulikuwa na nyumba hapa, nyumba za matofali, na zimevunjwa. Kampuni ilikana kosa. Ilisema mashine zake ziliitishwa na polisi, nao ndio waliotoa amri. Na juu ya nyumba zenyewe, zilikuwa ngapi, za namna gani, za nani, hapakuwa na maafikiano. Mtu aliyezoea kuamka kila asubuhi na kufagia lupango lake aliambiwa, kwa maneno ya adabu ya barua za ofisini, kwamba lupango lile pengine halikuwapo.

Shirika la haki za binadamu la hapa Lubumbashi liitwalo ACIDH lilisimama pamoja na wakaaji. Katika 2012 malalamiko yalifikishwa hata Ubelgiji, mbele ya ofisi ya serikali ile inayosikiliza mashtaka juu ya mwenendo wa kampuni zake katika nchi za kigeni, kwa kufuata miongozo ya shirika la OECD. Ofisi hiyo si mahakama. Hupatanisha tu, na kampuni isipotaka kulipa haiwezi kulazimishwa. Mazungumzo yalikwisha bila maafikiano juu ya fidia.

Ndipo katika Novemba 2014, miaka mitano kamili baada ya kubomolewa, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti. Walikuwa wametafuta picha zilizopigwa na setilaiti juu ya Kawama, za kabla na za baada. Katika zile za kwanza mapaa yaonekana yamejipanga pamoja na vijia vyake. Katika zile za baadaye mahali palepale ni udongo mtupu. Amnesty ilisema wazi kwamba kampuni haikusema kweli. Ripoti hiyo ilieleza tena jambo ambalo kwetu sisi ni zito kupita yote: kwamba mwendesha mashtaka wa serikali hapa kwetu alikuwa ameanza kulifuata shauri hilo baada ya tukio, akataka kushtaki, lakini wakubwa wakamzuia. Hata wakati wa ripoti ile, jamaa za Kawama zilikuwa bado hazijalipwa haki yao.

Tukiri kwamba habari ile ya picha yatufurahisha na kutuuma pamoja. Yatufurahisha kwa sababu neno la maskini lilithibitika. Yatuuma kwa sababu mama aliyewasha moto jikoni mle kwa miaka mingi hakutosha kuwa shahidi wa jiko lake, mpaka chombo kinachozunguka angani kikaja kumsaidia. Nasi hatuwezi kutumaini kwamba kila mtaa wa Annexe utakuwa na shirika la kigeni la kuununulia picha.

Kwa hiyo na tuulize lile swali la wale wenye kufunga vyombo: je, asiye na hati hana haki?

Kwanza tujue kwa nini wengi hawana hati. Mji huu ulianzishwa katika 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu mwanzo ulipangwa kwa ajili ya watu wawili mbalimbali. Mzungu alikuwa na mji wake. Mwafrika akawekwa ng’ambo ya ukanda mtupu, kana kwamba pumzi yake ni ugonjwa. Mfanyakazi wa Union Minière alipewa nyumba kambini, lakini nyumba ile ilifuata kazi: kazi ikiisha na nyumba imekwisha. Hivyo baba zetu walikaa miaka thelathini katika mji bila kumiliki hata ukuta mmoja. Baadaye mji ukakua kupita ramani yake. Wana wa wafanyakazi walioa, watu wa vijijini walikuja, vita vilisukuma wengine. Na tangu 2003, Gécamines ilipowaachisha kazi watu zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, jamaa nyingi zilijikuta zikitafuta mahali pa kuishi kwa fedha kidogo walizopewa. Waende wapi? Walikwenda pembeni, katika Annexe, ile komuni inayouzunguka mji kama mshipi. Huko walinunua kiwanja kwa chifu au kwa mtu aliyejiita mwenye shamba, wakapewa karatasi yenye saini na muhuri, wakafyatua matofali yao wenyewe, wakajenga chumba kimoja kila mwaka.

Karatasi ile sicho kile cheti cha usajili ambacho sheria ya ardhi ya 1973 hukidai. Sheria ile yasema ardhi yote ni mali ya Serikali, na raia hupewa tu haki ya kuitumia. Lakini juu ya ardhi wanazokalia wenyeji kwa desturi, sheria hiyohiyo iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kuzipanga haki zao. Makumi ya miaka yalipita bila amri hiyo kutolewa. Je, ni haki kumwadhibu mkaaji kwa kukosa karatasi ambayo Serikali yenyewe ilichelewa kuitengeneza?

Katiba ya 2006 ilisema neno bora zaidi, nasi twawaomba wasomaji walishike. Katika kifungu cha 34 yasema kwamba Serikali hulinda mali ya mtu mmoja au ya watu wengi pamoja, iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi. Au desturi! Neno hilo dogo limewekwa pale kwa makusudi. Tena yasema hakuna wa kunyang’anywa mali yake ila kwa manufaa ya watu wote, na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Kwanza, wala si baadaye. Kifungu cha 48 chataja haki ya kuwa na makao mema. Na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 juu ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma yaeleza taratibu: uamuzi wa kuandikwa, kuutangaza, kuwajulisha wenye mali, kukadiria malipo, na kwenda mahakamani ikiwa hawaafikiani juu ya bei.

Kwa upande wa migodi pia mambo ni wazi kuliko watu wanavyodhani. Aliyepewa ruhusa ya kuchimba amepewa madini yaliyo chini. Hakupewa paa la mtu lililo juu. Sheria ya madini yamtaka amlipe mkaaji wa juu kwa hasara anayomtia. Baada ya sheria ile kurekebishwa katika Machi 2018, kanuni zake zilizotolewa upya katika Juni mwaka uleule ziliongezewa sehemu nzima juu ya kuwahamisha watu, kuwalipa na kuwapa makao mengine. Kama kanuni hiyo ingalikuwapo na kufuatwa katika 2009, Kawama ingalikuwa na historia nyingine.

Lakini tusiwe wapofu upande mmoja. Iko nyumba iliyojengwa chini ya nyaya za umeme mkubwa, iko iliyokaa juu ya bomba la maji, iko iliyoziba mkondo wa mto hata mvua ikinyesha mtaa mzima wafurika. Serikali ikitaka kuondoa nyumba ya namna hiyo haitendi uovu; uovu huanza katika namna ya kuiondoa. Tena wako wezi wa katikati yetu, wanaouza kiwanja kimoja kwa watu watatu, wakijua wazi kwamba ni njia ya barabara. Siku ya tingatinga hao hawaonekani. Twashangaa kuona watu wakimtupia mawe dereva wa mashine, mfanyakazi maskini kama wao, na kumwamkia kwa heshima yule aliyewauzia udongo usio wake.

Sasa juu ya mahakama. Wengi hukata tamaa wakisema hakimu ni wa matajiri. Shauri la Kawama, lililozuiwa kabla ya kufika mbali, lawapa sababu ya kusema hivyo. Walakini tutazame ng’ambo kidogo, Nairobi, nchi ya Kenya, ambako watu wa mtaa wa mabanda uitwao Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walipata mambo yanayofanana na yetu. Katika Septemba 2011 tangazo la gazeti liliwapa siku saba za kuondoka. Siku saba kwa maelfu ya watu! Hawakufunga vyombo, wala hawakukusanya mawe. Walikuwa na chama chao cha wakaaji kilichoandikishwa, na chama hicho kikaenda Mahakama Kuu, kikapata amri ya kuzuia ubomoaji. Pamoja na amri hiyo, tarehe 19 Novemba 2011 mtaa ulibomolewa, na shule ya watoto pia.

Msomaji atasema: basi mahakama iliwafaa nini? Na asubiri. Katika Aprili 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki zao zimevunjwa, akaiagiza serikali ieleze mbele yake ina mpango gani wa makao kwa watu wa namna hiyo. Katika 2016 Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu hiyo. Wakaaji hawakuacha, wakapanda hadi Mahakama ya Juu kabisa, nayo ikatoa hukumu tarehe 11 Januari 2021. Ilisema kwamba watu wasio na ardhi ambao wamekaa juu ya ardhi ya umma na kujenga makao yao huko wana haki ya makao inayostahili kulindwa, hata kama hawana hati ya ardhi yenyewe. Wala hawawezi kufukuzwa kama mifugo. Ilisema pia kwamba hakimu aweza kuendelea kuisimamia serikali baada ya hukumu, aone kama inatimiza. Kisha shauri likarudishwa Mahakama Kuu ili itazamwe ni malipo au msaada gani uwafaao.

Miaka kumi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku shule ilipovunjwa alikuwa kijana mkubwa siku ile ya hukumu. Hatusemi kwamba huo ni ushindi mtamu. Lakini hukumu ile si ya Mitumba peke yake tena. Imekuwa ngao ya kila mtaa wa mabanda wa Kenya. Na katika 2016, wakati shauri lingali likiendelea, bunge la Kenya lilitunga sheria ya kutaka notisi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Kutoka siku saba hadi miezi mitatu ni hatua.

Hukumu ya Kenya haimfungi hakimu wa Kongo, hilo twalijua. Lakini Kongo imeingia tangu 1976 katika mapatano ya kimataifa juu ya haki za uchumi, jamii na utamaduni, yaleyale yaliyotajwa Nairobi. Na Katiba yetu, katika kifungu cha 215, yaweka mapatano ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoyasimamia ilieleza katika 1997 kwamba watu washauriwe kwanza, wapewe notisi ya kutosha, wasitolewe usiku wala katika mvua mbaya, na pasiwe na mtu anayeachwa bila makao. Wakili wa Lubumbashi aweza kuyasema hayo mbele ya hakimu wa Lubumbashi bila kuona haya.

Na maandamano je? Hatuyakatazi. Katiba, kifungu cha 26, yampa raia uhuru wa kuandamana. Wanaoyapanga watakiwa tu kuujulisha utawala kwa barua. Basi iandikwe barua, itiwe muhuri wa kupokelewa, na nakala itunzwe. Watu wakitembea mchana, akina mama mbele, na kila mmoja ameshika risiti yake ya umeme, mkubwa aliye dirishani hujua hesabu ya nyumba anazotaka kuvunja. Jiwe moja likirushwa, hesabu hiyo yasahauliwa, na kesho redio itataja jiwe tu.

Ndiyo maana twasema kazi ya kwanza ya mtaa unaotishwa ni kuandika. Ufunguliwe daftari sasa, kabla ya alama yoyote kuonekana. Kila lupango liandikwe: nani akaa, tangu mwaka gani, watu wangapi, vyumba vingapi, vya matofali au vya udongo, kisima kipo au hakipo, miti ya matunda mingapi. Mwembe unaozaa nao ni mali, na wenye kukadiria fidia huhesabu miti. Karatasi ya chifu, ijapokuwa si cheti, inakiliwe. Simu za siku hizi hupiga picha pamoja na tarehe. Basi vijana, ambao hutumia chombo hicho mchana kutwa kwa mambo tusiyoyajua, na wapige picha za nyumba kutoka mbele na nyuma, mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni. Mtaa uchague watu wachache wa kusema kwa niaba ya wote, na wanawake wawemo, kwa sababu mara nyingi baba yuko mgodini na mama ndiye ajuaye mpaka wa jirani. Chama kikiandikishwa, wakili hupata mtu wa kumwakilisha. Watu mia waliotawanyika hawawezi kutia saini kwa mkono mmoja.

Daftari hilo lisikae kwa mtu mmoja. Nakala ya pili ipelekwe nje ya mtaa, kwa ndugu akaaye Katuba au Kenya au Likasi, kwa maana tingatinga likifika halimngojei mtu apekue chini ya kitanda.